Je, Wajua: Mwezi Mzima Hufutika Papo Hapo, Namba Moja Hugoma

Wageni wengi hufika Msimbati kwa ajili ya ufukwe, ule ambao gari hupita juu ya mchanga kandokando ya mawimbi bila kunasa. Wachache hujua kwamba kijiji hicho, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, jirani na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini, ni machimbo ya namba pia. Chini ya rasi yake na chini ya Ghuba ya Mnazi kuna gesi asilia, na gesi haitolewi ardhini bila kuhojiwa. Kila inapopita, vihisi huiuliza: presha kiasi gani, joto kiasi gani, mtiririko kiasi gani? Jibu likishaandikwa, swali huulizwa upya, hata kama jibu halijabadilika tangu sekunde iliyopita.

Je, wajua kwamba kwa kompyuta inayotunza majibu ya namna hii, kufuta namba moja iliyokosewa jana ni kazi nzito kuliko kufuta namba zote za mwezi mzima wa mwaka juzi?

Tupige hesabu ya mfano. Kihisi kimoja kinachosoma kila sekunde huleta namba 86,400 kwa siku. Vikiwa vihisi 500, unapata namba milioni 43.2 kwa siku, takriban bilioni 15.8 kwa mwaka. Kila namba ikiandikwa pamoja na saa yake kwa baiti 16, mwaka mmoja unameza gigabaiti 252. Diski siku hizi ni rahisi, mtu atasema. Ni kweli, lakini data hizo hutunzwa katika nakala zaidi ya moja, huulizwa maswali mchana na usiku, na kila swali hulazimika kupita katikati ya lundo. Siku moja lazima mtu atauliza: vya zamani tufute vipi?

Kwanza tujue kinachoandikwa kinahusu nini. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia, kwenye kisima kilichopewa jina la MB-1. Kisima kikafungwa, kikalala zaidi ya miaka ishirini. Kampuni ya Artumas ya Kanada ikaja kukifungua upya miaka ya 2000, ikachimba na vingine, na kufikia mwaka 2007 mji wa Mtwara ulikuwa ukipata umeme wa gesi hiyo. Tangu 2009 mwendeshaji ni Maurel & Prom ya Ufaransa, ikishirikiana na shirika letu la taifa la petroli, TPDC. Agosti 2015 gesi ikaanza kuingia kwenye bomba la inchi 36 linalotoka kiwanda cha Madimba kwenda Dar es Salaam, bomba lile lile ambalo watu wa Mtwara waliliandamania mwaka 2013 wakisema gesi haitoki.

Kwa hiyo namba za mtiririko pale si za mafundi peke yao. Mita inayopima gesi inayouzwa ndiyo inayosema nani alipwe nini: mwendeshaji, TPDC, hazina, hadi ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri. Mtu anayefuta jedwali la mita hiyo anagusa mifuko ya watu asiowajua.

Kompyuta zinazotunza data hizi hutumia kanzidata ya aina yake, ya mfululizo wa wakati. Viwandani ni za zamani: PI System ni kazi ya OSIsoft, kampuni aliyoianzisha Patrick Kennedy kule Marekani mwaka 1980. Baadaye zikaja za mtandao, RRDtool ya Tobias Oetiker wa Uswisi mwaka 1999, Prometheus iliyoanzia SoundCloud kule Berlin mwaka 2012, InfluxDB mwaka 2013, na nyingine nyingi.

Tofauti yake na kanzidata ya benki ni hii. Jedwali la benki linabadilika: salio lako la asubuhi si la jioni, na kompyuta hurudi kwenye mstari ule ule kuuandika upya. Jedwali la mfululizo wa wakati halirudi nyuma. Presha ya kisima ya saa nne asubuhi jana imekwisha kusomwa, na hakuna kitakachoibadilisha. Kila kitu huongezwa mwishoni. Kwa kuwa hakuna kurudi nyuma, waundaji walijiruhusu kubana data kwa ukali ambao benki isingethubutu.

Mwaka 2015 wahandisi wa Facebook walieleza hadharani jinsi kanzidata yao iliyoitwa Gorilla inavyofanya. Namba ikisomwa kila baada ya muda ule ule, hakuna haja ya kuandika saa kamili. Inatosha kuandika kwamba muda haujabadilika, na hilo ni biti moja tu. Asilimia 96 hivi ya saa zao zilibanwa kwa njia hiyo. Thamani nayo ikilingana na iliyotangulia, biti moja tena. Na zaidi ya nusu ya thamani zao zililingana. Isipolingana, huandikwa tofauti peke yake. Baiti 16 zikashuka hadi wastani wa baiti 1.37. Kwa mfano wetu wa vihisi 500, gigabaiti 252 zingekuwa kama 22, ingawa presha ya kisima huweza kubanika vizuri zaidi ya hapo au vibaya zaidi, kutegemea ilivyotulia.

Uchumi huo una gharama yake. Kila namba sasa inasimama juu ya iliyoitangulia. Namba ya saa nne na sekunde tano haina maana bila ile ya sekunde nne, nayo haina maana bila ya sekunde tatu, mpaka mwanzo wa fungu, yaani namba zilizobanwa pamoja. Ni kama mkeka: ukitaka kuchomoa ukindu mmoja katikati, hutauchomoa, utafumua. Kompyuta inayoamriwa kufuta namba moja inapaswa kufungua fungu zima, kuzisoma zote, kuiacha ile moja, kubana upya, kuandika fungu jipya, kisha kutupa la zamani. Namba moja imeisha kwa gharama ya maelfu.

Ndiyo maana nyingi kati ya kanzidata hizi hukwepa. Badala ya kufuta, huandika kaburi. Ndivyo mafundi wanavyoliita kweli, alama ya kaburi: kumbukumbu ndogo pembeni isemayo kwamba kihisi fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, kihesabiwe kuwa kimekufa. Data yenyewe bado iko pale pale kwenye diski. Anayeuliza swali hujibiwa kana kwamba haipo, kwa sababu kompyuta kila mara hupitia orodha ya makaburi kabla ya kujibu. Usafi halisi huja baadaye, saa za utulivu, mafungu yanapounganishwa na kuandikwa upya. Prometheus hufanya hivyo. Kwa hiyo fundi anayefuta kwa pupa kwa sababu diski imejaa hupata mshangao: baada ya amri, diski imejaa zaidi kidogo. Ameongeza makaburi. Na kila swali sasa ni la polepole kuliko jana, maana kuna makaburi ya kukagua.

Njia ya wenye akili iliamuliwa siku jedwali lilipoundwa. Unalikata jedwali kwa wakati tangu mwanzo. Kila siku, au kila wiki, au kila mwezi, data huingia kwenye kipande chake, chenye faili zake na folda yake. Kwa mwandishi wa maswali linaonekana jedwali moja. Chini yake ni vipande vingi visivyotegemeana. Siku ya kufuta Machi ya mwaka juzi ikifika, hakuna anayefungua wala kusoma kitu. Kompyuta inaondoa jina la kipande kwenye orodha yake, inauambia mfumo wa uendeshaji uachilie faili, basi. Namba bilioni moja na zaidi zimekwenda katika muda wa kupepesa jicho. QuestDB, kanzidata nyingine ya aina hii, imefika mbali zaidi: haina kabisa amri ya kawaida ya kufuta mistari. Ondoa kipande au ondoa jedwali, vingine sahau.

Naona huo ndio uungwana. Programu inayokukatalia jambo gumu inakulazimisha kufikiri mapema.

Hata hapo, kuachilia faili si kuliteketeza. Mfumo wa Linux huondoa jina la faili, lakini kama kuna programu nyingine bado imelifungua, tuseme ripoti ndefu ya mwezi inayoendelea kukokotolewa, nafasi hairudi mpaka programu hiyo iachie. Jedwali halipo, diski imejaa, na fundi anakuna kichwa. Dawa yake ni kumtafuta aliyeshikilia.

Sasa tuje kwenye kinachostahili kufutwa, ambalo ni suala la gesi zaidi kuliko la kompyuta.

Wahandisi wa miamba ya gesi wana mchoro mmoja wa kale wanaoupenda. Mhimili wa wima ni presha ya tabaka la gesi, iliyorekebishwa kwa kuwa gesi halisi haifuati kanuni za vitabuni sawasawa. Mhimili wa mlalo ni jumla ya gesi yote iliyokwisha kutoka tangu siku ya kwanza. Kama tabaka limefungika vizuri na halisukumwi na maji, nukta hujipanga karibu na mstari mnyoofu unaoteremka. Urefushe mstari huo mpaka presha ifike sifuri, na pale unapogusa chini utasoma gesi iliyokuwamo mwanzoni. Ukitoa iliyotoka, unabaki na swali ambalo kila mtu wa Mtwara analiuliza: imebaki kiasi gani?

Tazama mchoro huo unahitaji nini. Hauhitaji bilioni za sekunde. Unahitaji nukta chache, lakini zilizotawanyika katika miaka, na nukta ya kwanza kabisa ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa sababu mstari huning'inia hapo. Presha ya kwanza ya MB-1 ni ya mwaka 1982. Mtu angeitupa wakati kisima kimelala, kwa hoja kwamba kimelala, hesabu zote za leo zingekosa mwanzo wake.

Nukta hizo nazo hazipatikani siku yoyote. Kisima kinapotoa gesi, presha chini yake imevurugwa na mtiririko. Ni lazima kifungwe na presha iachwe ipande na kutulia, saa kadhaa au siku kadhaa. Katika kupanda huko, dakika za mwanzo husimulia habari za kisima chenyewe, kama mwamba ulio karibu na bomba umeziba au uko wazi, na saa zinazofuata husimulia habari za mwamba wa mbali. Hapo sekunde zina maana. Saa ya kwanza baada ya valvu kufungwa inaweza kuwa na elimu kuliko miezi sita ya uzalishaji wa kawaida.

Na hapa ndipo kanuni nyingi za kufuta hukosea. Kanuni iliyozoeleka ni hii: tunza sekunde kwa miezi mitatu, kisha zigeuze kuwa wastani wa dakika, kisha wastani wa saa, na za awali zifutwe zenyewe usiku bila kumwamsha mtu. Kwa seva ya tovuti inatosha kabisa. Prometheus usipoielekeza hutunza siku 15 tu, na hakuna anayelia. RRDtool ilikwenda mbali zaidi, faili lake halikui kamwe: likijaa huzunguka na kuandika juu ya namba za zamani. Kwa kisima, wastani wa dakika unakula kilele. Presha iliyoruka kwa sekunde mbili na kurudi, ishara ya valvu inayogoma, inayeyuka ndani ya wastani wa sekunde sitini. Angalau tunza kiwango cha juu na cha chini pamoja na wastani. Nafasi inayoongezeka ni ndogo. Vizuri zaidi, siku za kufunga visima, siku za majaribio, na siku kama 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kikiingia nchi kavu upande wa pili wa Ruvuma, zinakiliwe kwenye jedwali lisilo na tarehe ya kufa. Kinachopaswa kupunguzwa ni msongamano wa namba za siku za kawaida, wala si urefu wa miaka.

Msongamano wenyewe haufanani. Msimbati hiyo hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650. Matumbawe ya huko yalipauka mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto la El Niño. Kipimajoto kilichofungwa kwenye tumbawe na kusoma kila saa kingetoa namba 8,760 kwa mwaka, na 219,000 kwa miaka 25. Zote kwa pamoja, bila kubanwa, ni megabaiti tatu na nusu, kama wimbo mmoja kwenye simu. Kihisi cha gesi cha kila sekunde hufikisha idadi hiyo ndani ya siku mbili na nusu. Anayetumia kanuni moja ya kufuta kwa majedwali yote mawili anaua robo karne ya bahari ili kuokoa nafasi ya wimbo.

Dunia ina mifano ya pande zote. NASA ilikiri mwaka 2009 kwamba kanda za awali za mawasiliano ya Apollo 11, zilizobeba picha bora kuliko zile ambazo dunia iliziona kwenye televisheni, yaelekea zilifutwa zamani ili kanda zitumike tena. Lakini NASA hiyo hiyo ina kisa cha heshima. Satelaiti ya Nimbus-7, iliyorushwa mwaka 1978, ilikuwa ikipima ozoni, na programu yake iliweka alama ya shaka kwenye kipimo chochote kilichokuwa chini ya 180. Mwaka 1985 Joe Farman na wenzake wawili wa Uingereza walipotangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua kwa kutisha, namba za NASA zenye alama zilikuwa na upungufu huo huo, tena kwenye ramani, ukiwa umeenea juu ya bara zima. Zilikuwa zimeshukiwa, hazikufutwa. Kihisi cha Msimbati kikileta namba ya ajabu kesho, iwekee alama, usiifukuze.

Kuna mitego miwili ya kwetu.

Wa kwanza ni data inayochelewa. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Kihisi hakijui habari za intaneti; huendelea kusoma na kuweka kwenye kumbukumbu ya hapo hapo, kisha njia ikifunguka humwaga yote kwa mpigo. Kukatika kwa siku chache si tatizo. Lakini fundi akitoa kompyuta ya kale stoo, akaiwasha ikiwa na data ya mwaka juzi isiyotumwa, kanzidata kama TimescaleDB inaweza kukiunda upya kipande kilichokwisha kufutwa, chenye kihisi kimoja na saa tatu za namba. Ripoti ya mwaka juzi sasa inaonyesha uzalishaji wa saa tatu, na mtu wa Dar es Salaam anapiga simu. InfluxDB yenyewe hukataa mlangoni namba iliyozidi umri uliowekwa. Huo nao ni uamuzi, maana namba hizo zinapotea.

Wa pili ni saa. Kanzidata nyingi hukata siku kwa saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Usiku wa manane wa kompyuta ni saa tisa usiku Mtwara. Ukifuta kipande cha Mei 1, umefuta kuanzia saa tisa usiku ya Mei 1 yetu hadi saa tisa usiku ya Mei 2. Tukio la saa saba usiku wa kuamkia Mei 1 limebaki, limejificha ndani ya Aprili 30. La saa nane usiku wa kuamkia Mei 2, ulilotaka kulitunza, limekwenda. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kuanzia alfajiri na kompyuta inayohesabu kuanzia Greenwich wakikutana kwenye amri ya kufuta, ni vyema wakaandikiana tarehe na saa kamili.

Na ikiwa ni jedwali lote linaloondolewa, si kipande? Kihisi kimeng'olewa, jedwali limebaki yatima, jina lake ni «jaribio2» na aliyeliunda amehama kazi. Mafundi waangalifu hawafuti siku hiyo. Hulibadilisha jina kwanza, kisha husubiri wiki kadhaa wasikie nani analalamika. Huhakikisha bakapu ipo, na kwamba inafunguka. Januari 31, 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, alifuta folda ya kanzidata kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipokimbilia bakapu zao za kila siku wakagundua zilikuwa zinashindwa bila mtu kuarifiwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kama saa sita kabla. Tena, nakala pacha inayofuata seva kuu hatua kwa hatua si bakapu: amri ya kuondoa jedwali nayo hunakiliwa kwa uaminifu ule ule.

Kwa visima vya Msimbati kuna hatua moja zaidi ambayo GitLab hawakuwa nayo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inazifanya data za petroli nchini kuwa mali ya serikali, na PURA, mamlaka iliyoundwa na sheria hiyo hiyo, ndiyo yenye kuzisimamia. Mwendeshaji anazitumia, anazilisha, anazilinda, lakini jedwali la presha ya MB-1 si lake kulifuta kwa sababu diski imejaa. Amri yenyewe ni mstari mmoja. Ruhusa ya kuibonyeza iko kwenye barua.